Mbio za Mwaka wa Ndui

Ndui ilipoingia Temeke, serikali ya Mwingereza ilipiga marufuku mikusanyiko, na mpira wetu ukafa. Mie sikuwa mtu wa kukaa tu nikaota kitambi. Kila alfajiri nikawa nakimbia peke yangu hadi Mtoni na kurudi.

Siku ya kwanza wanawake walitoka wamejitanda khanga, wakaniuliza, "Nani tena?" Kwetu mtu mzima hakimbii ovyo, ukimwona anakimbia, ujue ana habari ya msiba. Nilikasirika, nikawaambia nanyoosha viungo tu. Wakacheka, wakazoea.

Wiki ya tatu, ndui ikamchukua mama yangu. Alfajiri ile nilikimbia kuwaita majirani, sauti haitoki. Hakuna aliyeshtuka. Walinipungia mkono kutoka milangoni: "Kaza, bwana, kaza!"