Kamba Waliyomfunga Mama Yangu Mugunga

Kilichonitoa Butembo ni simu ya Furaha, mke wa mdogo wangu Kambale. Mimi ni fundi wa nguo, nina mashine yangu karibu na soko, na wiki hiyo nilikuwa na sare za kwaya za kushona. Sikuwa na hamu ya safari hata kidogo. Kambale na Furaha wanakaa Goma, na Mama yetu anakaa kwao tangu Baba afariki. Furaha, anayeniita Yaya, dada mkubwa, kama mume wake, aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha jikoni.

"Yaya, Mama hayuko nyumbani. Kambale alimupeleka kwa pasta, kule Mugunga. Walimufunga kamba. Siku ya Mungu, hii Jumapili, atasimama mbele ya batu aseme ni yeye alikula mimba zangu. Kuya, Yaya. Kuya mbio."

Furaha ameharibikiwa mimba zaidi ya mara moja, na mtoto mmoja alizaliwa amekufa. Huo ni msiba, nami niliulia. Lakini Mama yetu kala mimba? Mama aliyelea watoto wa nusu ya mtaa? Ninyi nyumbani mnajua yanayompata mwanamke mzee akishatamka maneno hayo mbele ya watu. Akitoka nje ya mlango, vijana wanamngoja na mawe. Niliacha sare za kwaya mezani, nikatia mkasi wangu kwenye begi, nikaenda kutafuta gari.

Jumatano asubuhi niliondoka. Butembo na Goma ni mkoa mmoja, jamani! Siku hizi barabara ya moja kwa moja imekatwa na vita, kwa hiyo mtu anatoka nchi yake kwa Kasindi, anazunguka Uganda, halafu anaingia tena nchi yake kwa Bunagana, kama mtu anayetoka chumbani kwa dirisha ili aingie sebuleni. Mvua ilikuwa imeharibu njia, lori moja limelala kifudifudi katikati, na sisi tulikaa pembeni tukila ndizi za kuchoma hadi lilipovutwa. Hasira niliipakia Kasindi pamoja na mzigo wangu, na nawaambia ukweli, sikuishusha njiani.

Alhamisi jioni tulifika Kisoro, upande wa Uganda. Nililala kwa mama mmoja anayepokea wasafiri, mwanamke mnene mwenye maneno machache. Alinipa chai na viazi, akaniuliza naenda Goma kufanya nini wakati wengine wanatoka.

"Naenda kumfungua mama yangu."

"Amefungwa gereza gani?"

"Gereza la maombi."

Aliguna. "Hayo hata huku yapo," alisema, akaniongezea viazi bila kuuliza zaidi.

Ijumaa tulivuka Bunagana, tukashuka Rutshuru. Penye vizuizi, wenye bunduki walipekua mabegi yetu. Mmoja aliinua mkasi wangu akauliza ni wa kazi gani. Nilimwambia mimi ni fundi. Akaurudisha. Moyoni nilisema: ungejua ninachokwenda kukata!

Kibati tulisimama kidogo ili injini ipoe. Nyiragongo ilikuwa inatoa moshi wake kama kawaida, na wanawake waliuza kabichi juu ya mawe meusi ambayo mlima wenyewe uliyatapika. Mmoja alikuwa amevaa uzi mwekundu mkononi. Nilimwuliza. Akasema ni pasta wake alimfunga, ili vita isimwone. "Na ilikuona?" "Nyumba yangu iliungua," akajibu, "lakini pasta anasema bila uzi ningeungua na mimi." Aye! Pasta huyo hashindwi kamwe. Ukipona ni yeye, ukiungua ni wewe. Nilinunua kabichi, nikarudi garini.

Himbi, mtaa wao huko Goma, niliingia saa ya chakula cha jioni. Kambale ni dereva wa shirika moja huko karibu na ziwa, na wanakaa kwenye nyumba ndogo nyuma ya ofisi. Furaha alinipikia bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akanitazama kwa macho ya kuomba nisiseme nani aliyeniita. Sikusema. Nilingoja Kambale anawe mikono.

"Mama yuko wapi?"

"Yaya, usianze. Iko kwa maombi. Pasta aliona maono. Aliona mwanamuke muzee amekalia tumbo la Furaha."

"Alimtaja jina?"

"Hapana."

"Alimtaja sura?"

"Hapana, Yaya. Lakini hapa nyumbani muzee ni mumoja tu."

Mungu wangu! Nilitaka kumpiga na mwiko. Kijana aliyesoma, anayeendesha magari ya wazungu, anaambiwa "mwanamke mzee" na anamtazama aliyemzaa! Nilimwambia yote hayo, na mengine ambayo sitayaandika. Yeye aliinama tu. Kisha akasema polepole, "Nilizika mutoto wangu kwa mikono yangu, Yaya. Wewe hukuwepo." Nilimhurumia, hasira yangu haikupungua, na sikujua niweke wapi hayo mawili.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Mugunga, kwenye barabara ya Sake. Kanisa lenyewe ni mbao na mabati juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo watu wamekimbilia na kukimbia tena hata hawahesabu. Nyuma kuna chumba cha wagonjwa wa roho, ndivyo wanavyowaita. Mama mmoja wa maombi alinizuia mlangoni. Nikamwambia mimi ni Masika, mtoto wa kwanza wa yule mzee wa Butembo, na kama ananizuia nitakaa pale nje niimbe Salamu Maria mpaka kesho. Akanipisha.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Amekonda. Kiunoni, juu ya kikwembe chake cha kitenge, alikuwa amefungwa kamba ya mbuzi, nene, yenye mafundo. Nilimkumbatia nikaisikia ile kamba ikinichoma tumboni, nikalia kwa sauti.

"Nyamaza," aliniambia. "Unaamsha wagonjwa."

Ndipo akanieleza jinsi mambo ya pale yanavyokwenda. Pasta hufunga mafundo kwa mkono wake. Kila siku ya ibada mgonjwa anaungama jambo moja mbele ya watu, na pasta anafungua fundo moja. Fundo la mwisho ni lile kubwa, lile la jambo lililomleta pale. Ukiondoka kabla halijafunguliwa, basi unayempenda atabaki amefungwa maisha yake yote. Kwa Mama, huyo ni Furaha.

"Na umeungama nini, Mama?"

"Dhambi zangu zilimalizika mapema," alisema. "Mafundo yalibaki. Basi nikaanza kutafuta. Nilisema niliiba kuku ya jirani."

"Jirani gani?"

"Hatukuwa na jirani wa kuku. Nikasema pia nilimuroga shemeji yangu akaanguka mtini."

Nilitamani kucheka na nilitamani kuvunja ukuta. Mwanamke wa miaka yake, amelala chini na njaa ya mfungo, anatunga dhambi kama mtoto anayetunga visingizio vya kutokwenda shule! Na mtu mzima mwenye suti anazipokea na kumshukuru Mungu! Nilitoa mkasi begini.

Mama alinishika mkono. "Weka hicho kitu. Ukikata, watasema shetani alikata. Na Furaha atabaki na woga."

"Kwa hiyo kesho utasema ulikula wajukuu zako?"

Aliuachia mkono wangu. Kisha akasema maneno ambayo nimesafiri nayo mpaka hapa.

"Nilijaribu, Masika. Nilisema nimuambie Mungu kwanza, kama mazoezi, ndipo niwaambie batu. Nikapiga magoti. Neno likakataa kutoka. Nilisikia haya. Yeye alikuwepo siku ile, mwanangu. Aliniona nikifua zile shuka. Aliniona nikimubeba yule mutoto. Nitamudanganyaje Yeye aliyekuwepo? Basi nikakaa tu mbele yake bila kusema. Na kamba ilikuwa kiunoni lakini sikuisikia tena. Tangu siku hiyo ninalala vizuri. Mimi sijafungwa. Ila namuogopea Furaha."

"Mama, ni Furaha aliyeniita."

"Furaha?"

"Alinipigia simu kwa siri. Haamini hata neno moja la pasta."

Mama aliufunika uso kwa kikwembe. Alipoufunua, alikuwa mama yangu wa zamani, yule aliyekuwa akipanga foleni ya maji kwa kutazama tu. "Basi nenda ulale," alisema. "Kesho mukuje wote. Na uvae vizuri."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Kambale alikaa upande wa wanaume, mimi na Furaha upande wa wanawake. Pasta alikuwa na sauti nzuri, sina budi kukiri, na viatu vyake viling'aa sana kwa mtu anayetembea juu ya mawe yale. Ilipofika saa ya ushuhuda, alimwita Mama mbele. Na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kwao ushuhuda haukatizwi. Anayeshuhudia anasemeshwa na Roho, na anayemkatiza anamkatiza Roho. Amewafundisha hivyo yeye mwenyewe. Alimpa Mama mikrofoni kwa mkono wake.

"Bwana asifiwe!" Mama alisema.

"Amina!"

"Mimi ni Mama Masika. Munanijua, ni mimi wa kamba. Hapa mbele yenu nilisema niliiba kuku. Nilidanganya. Nilisema nilimuroga shemeji yangu. Nilidanganya. Alianguka mtini juu ya kulewa kasiksi."

Watu wengine walicheka. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hakuna asiyeijua.

"Kwa uongo huo namuomba Mungu musamaha, na ninyi pia."

"Amina!"

"Lakini leo walitaka niseme nilikula wajukuu zangu. Hilo sitasema. Mungu alikuwepo, anajua." Pasta alisogea. Mama hakumtazama. "Mimi nilibatizwa nikiwa msichana. Siku ile Yesu alinifungua. Alinifungua yote. Hakubakisha fundo moja aje kulifungua mutu!"

"Amina!" nyumba nzima ikaitika, kwa mazoea, kabla haijajua imeitikia nini. Pasta aliwapungia wapiga ngoma wapige. Mpiga ngoma alibaki na vijiti mkononi, anamtazama Mama.

Mama alikuwa ameshaweka mikrofoni chini. Alianza kufungua mafundo kwa vidole vyake, moja baada ya jingine, bila haraka, kama anayefungua mzigo wa soko. Lile la mwisho lilikataa. Nilisimama na mkasi wangu. Akanitikisia kichwa: hapana.

Ndipo Furaha alipotoka kwenye benchi. Binti huyo ni mpole hata akiomba chumvi anaomba radhi kwanza. Alipita mbele ya watu wote, akapiga magoti kwenye mawe mbele ya mama mkwe wake, na lile fundo, lile ambalo walisema ni tumbo lake mwenyewe, akalifungua kwa meno.

Kigelegele cha kwanza sijui kilitoka wapi. Cha pili kilikuwa changu. Pasta alikuwa anapiga kelele juu ya mashetani, na mabati yalimeza sauti yake. Mama alimwinua Furaha, akamwambia nikisikia, "Mwanangu, hujafungwa na mutu. Kesho nenda hospitali, munganga atazame damu yako." Akakunja kamba, akaitia kwapani, akatoka kwa mlango wa mbele, nasi nyuma yake. Hakuna aliyeokota jiwe. Kambale alibaki ameketi, kichwa kati ya mikono. Hakutufuata.

Jumanne tuliondoka Goma, Mama na mimi, kwa njia ileile ya kuzunguka. Furaha alitusindikiza, akatuambia munganga wa hospitali amekwisha kumpa dawa na siku ya kurudi. Kambale alikuwa kazini, au alisema yuko kazini. Njia nzima nilimtukana kimoyomoyo. Kibati, Bunagana, Kisoro, kila mahali nilimpatia tusi jipya. Mama alilala begani kwangu.

Nimerudi Butembo nikiwa na jambo moja la kuwaambia. Nilidhani nakwenda kumfungua Mama. Mkasi wangu umerudi bila kukata kitu. Alikuwa huru kabla sijapanda gari, pale chini kwenye mkeka, na wale waliomfunga ndio waliokuwa hawajui. Imani isiyomwezesha mtu kusimama wima mbele ya Mungu na kusema kweli, hiyo ni kamba ya mbuzi tu, hata ikifungwa na mtu mwenye suti. Bado nakasirika nikiandika haya, na sioni kwa nini nisikasirike.

Wiki iliyopita Mama alijaza gunia la maharagwe ya shamba letu ili mfanyabiashara mmoja wa hapa ampelekee Kambale. Alilifunga kwa kamba ileile. Nilimwuliza kama amekosa kamba nyingine nyumba nzima.

"Hii ina kosa gani?" alisema. "Kamba ni ya kufunga maharagwe. Atalifungua mwenyewe."

Jana Kambale alipiga simu.

"Yaya," alisema, "nimefungua gunia." Nilimsikia akivuta kamasi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yale yote niliyoyatunza tangu Kasindi. Mama akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Kambale mwanangu," alimwambia, "maharagwe yamefika makavu?"