Kichupa cha Wanyama

Bakhit alikuwa mchinjaji hapa Mbale, hodari wa kisu na mchache wa maneno. Mkewe Hajara, Mgisu wa Busiu, alifia hospitalini Jinja mwaka wa vita, sabini na tisa, baada ya kipande cha chuma kumchana paja. Siku ile Bakhit alikunja mkono wa kanzu ili atolewe damu apewe mkewe. Mhudumu akapima, akatikisa kichwa. "Damu yako siyo yake, mzee."

Miaka minane aliyabeba maneno hayo. Yeye Mnubi, mke Mgisu: ina maana hata damu ilikataa ndoa yao? Hakumwuliza mtu.

Ndipo akaja machinjioni Namono, binti wa maabara, akitafuta damu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, na ya watu wawili. Alikuwa analinganisha viwango vya asidi amino, vile vipande vidogo vinavyojenga protini, ndani ya chembe nyekundu za kila mmoja. Bakhit akatoa yake. Akafuata mwenzake, mchuna ngozi, ambaye jina lake ni Wanyama.

Wiki ya tatu Namono akarudi anacheka. "Msaidizi wangu alisoma 'Wanyama' kwenye kichupa, akakiweka na vya mifugo!"

"Mwishowe wamekujua," Bakhit akasema.

"Nyamaza, Mnubi we!" Wanyama akafoka. "Binti, nilitokea ng'ombe au mbuzi?"

"Mashine ya vipimo ilikukataa. Ng'ombe na viwango vyake, mbuzi na vyake, kondoo na vyake. Chako kikasimama peke yake. Tulipokitafutia mwenzake, tukakuta cha Mzee Bakhit. Mmekaribiana sana."

Bakhit akaweka kisu chini. Miaka arobaini alikuwa akimwaga damu mferejini akiiona yote nyekundu tu. Kumbe kila tone lina mwenyewe! Na mashine ile, ambayo kama yeye haijui kusoma, imepita juu ya jina, imepita juu ya kabila, imemwona mtu.

"Subhanallah," akanong'ona. Kisha, "Binti. Jinja walisema damu yangu siyo ya mke wangu. Alikuwa Mgisu."

"Ni kundi la damu tu, mzee. Makundi hayaulizi kabila. Hata ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana kundi."

"Kundi."

"Kundi tu."

Bakhit akakiokota kisu, akakifuta.

"Kichupa changu kipo bado?"

"Kipo."

"Kiandike upya. Bakhit, mume wa Hajara."