Fani na Maudhui ya Chupa ya Manukato

Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka thelathini na tatu, kwa masomo ya jioni, na sidhani kama Mbeya nzima yupo aliyekihangaikia cheti kuliko mimi. Darasa letu halikuwa na vioo madirishani. Mwezi wa saba mwalimu alikuwa akitamka neno saa kumi na mbili, linaganda hewani, sisi wa viti vya nyuma linatufikia saa moja kasoro. Tulisoma na makoti na soksi mbilimbili. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa anakuja na jiko lake la mkaa, analiweka chini ya dawati, na mtihani ulipofika alitupita wote, kwa sababu vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa vimezoea kushika kalamu.

Katika yote niliyofundishwa, uhakiki ndio ulionikaa. Aliyesoma Kiswahili sekondari ananielewa. Unapewa kitabu, unakipasua vipande viwili, fani huku, maudhui kule. Kwenye fani unatafuta muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Kwenye maudhui unatafuta dhamira, ujumbe, msimamo. Mwisho unaandika kufaulu na kutofaulu kwa msanii, unapiga mstari, unakwenda nyumbani. Wenzangu walipomaliza mtihani waliitupa elimu hiyo pamoja na madaftari. Mimi nilirudi kwenye kibanda changu cha kava za simu Mwanjelwa, nikaanza kuhakiki.

Nilianza na albamu mpya, maana soko lile linapiga muziki kutoka pande zote na mtu hana pa kukimbilia. Albamu ikitoka Ijumaa, Jumamosi nimeshaisikiliza mara arobaini, Jumapili narekodi sauti yangu kwenye simu na kuiweka mtandaoni. Kisha mastaa wetu wakaingia kwenye unyunyu. Siku hizi msanii akitoa albamu, haupiti mwezi ametoa na manukato yenye sura yake kwenye boksi. Nikasema, aisee, hapa sasa ndipo panapohitaji msomi.

Kuna mwanamuziki mmoja wa kiume nilisema chupa yake ina kifua kama cha mtu anayebeba vyuma, kwa hiyo fani amefaulu, lakini dhamira ni ndimu, na ujumbe ni kwamba ndimu hiyo imekaa sana juani. Mwingine nilimshauri aimbe kidogo, anukie zaidi. Watu walicheka, wakatumiana. Nilianza kusalimiwa na watu nisiowajua. Kondakta mmoja wa basi la Tunduma alinisimamishia basi zima kuniuliza kama amnunulie mchumba wake yale ya chupa nyekundu.

Basi, mwaka jana, katikati ya mwezi wa sita, dada mmoja mwimbaji wa Dar es Salaam alitoa albamu na manukato wiki moja. Albamu niliipenda. Niliisifu hadi nikaishiwa sifa nikaazima za watu wengine. Manukato nikayajaribu kwa jirani yangu anayeuza vipodozi, nikanusa, nikanusa tena, nikakunja uso. Jioni ile nikarekodi. Nilisema fani ni chupa nzuri kuliko chupa zote zilizowahi kuvuka Mto Songwe, lakini maudhui ni gunia. Gunia lililolala ghalani msimu mzima, likaamka likajipaka waridi. Msanii hakufaulu.

Sauti ile ilitembea kuliko zote nilizowahi kurekodi. Siku ya nne simu ikaita, namba ngeni.

"Wewe ndiye mhakiki wa Mbeya?" Sauti ya mwanamke, Kiswahili kimenyooka kama kimepigwa rula.

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unahakiki kwa pua au kwa mdomo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nina duka la manukato hapa Kihesa, Iringa," akasema. "Lina miezi miwili. Miaka kumi na minane nimesimama dukani kwa kaka yangu nauza misumari na bawaba, namwomba Mungu siku moja niuze kitu kinachonukia. Haya, nimefungua. Mzigo wa kwanza kuuchagua kwa pua yangu mwenyewe ni hayo manukato ya huyo dada. Sasa wanawake wakiingia wanaulizana, 'Ndilo gunia lenyewe?' Wanacheka, wanatoka. Kaka yangu ameshanifutia vumbi kiti changu cha zamani. Hali ikiwa hivi mpaka baada ya Idi, nafunga, narudi kwenye misumari."

Nikamwambia pole. Nikaongeza, kwa ile sauti yangu ya msomi, kwamba mhakiki husema anachokinusa.

"Basi njoo ukinuse kwangu," akasema. "Kama ni gunia, nitafunga mlango huku unaniangalia. Kama si gunia, utasema kwa mdomo huohuo."

Ningeweza kukataa. Lakini kile kiti kilichofutwa vumbi kilinikaa kooni siku mbili, na Jumamosi alfajiri nikafunga kibanda, nikapanda basi la Iringa. Nilishuka Ipogolo jua limeshachangamka, nikachukua bajaji kupanda mjini hadi Kihesa.

Duka lilikuwa dogo, safi, chupa zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, ushungi wa kijani, mtu ambaye babu yake alipanda kutoka Pwani na mizigo ya vitambaa akaoa Iringa asirudi tena. Kwenye benchi walikaa majirani zake watatu, wametulia kama jopo la wasahihishaji.

"Kamwene," nikasalimia, nikiwa nimemaliza Kihehe changu chote.

"Kamwene, baba. Karibu, mkuu wa magunia," akaitika wa katikati, mama mnene mwenye kitenge cha njano, na wenzake wakaangua kicheko.

Mama mwenye duka hakupoteza muda. Alishusha ile chupa, akafungua kifuniko. Nami nikatanua kola ya sweta, nikamsogezea kifua.

Akasimama na chupa mkononi. "Unafanya nini?"

"Si unipulizie, mama?"

"Kwenye sweta?"

"Ndiyo."

"Mbeya mnajipulizia manukato kwenye sweta?"

Nikamweleza, kwa upole, kwamba mwezi wa sita Mbeya mtu huonekana pua na macho tu, na macho si mahali pa kupuliza. Ngozi ya mkono wangu mwenyewe sikuwa nimeiona tangu Pasaka. Kila mtu sokoni hujipulizia kwenye kola, anaendelea na kazi.

"Na hilo sweta umelifua lini?"

"Mama, sweta zito ukilifua Juni linakauka Septemba."

"Nimekuuliza umelifua lini."

"Nililinunua mwezi wa nne."

"Sijauliza kununua."

Benchi lote likainama kunisikiliza. Sweta lile nilinunua kwa jirani yangu wa mitumba, siku robota linafunguliwa, na nililivaa palepale kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Baada ya hapo baridi ikaingia.

"Halijafuliwa," nikasema.

"Vua."

Nikavua. Alinipa maji na sabuni isiyo na harufu, nikaosha mikono hadi kwenye viwiko, nikajikausha. Akanipulizia mara moja kwenye kifundo cha mkono, mara moja ndani ya kiwiko. Nikainua mkono kuelekea puani, akaushusha.

"Kaa. Usinuse."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie. Na chai ya viungo sikupi sasa, itakudanganya." Akanipa maji ya uvuguvugu. Kisha akawasha spika ndogo, albamu ya yule yule dada, kuanzia wimbo wa kwanza, na akarudi kupanga maboksi yake.

Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na shati jepesi, mkono nimeunyoosha gotini kama mgonjwa anayesubiri sindano. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Mama wa kitenge cha njano alikuwa anaimba kiitikio, ametangulia mbele ya mwimbaji. Katikati ya wimbo wa tatu mama mwenye duka akasema, bila kugeuka, "Sasa."

Nikanusa.

Ningependa kuwaambia kwamba paa la duka liliondoka. Halikuondoka. Ila lilikuja ua la mchungwa, jepesi, kama mtu amepita nje ya dirisha, na nyuma yake kitu cha joto, kama mdalasini uliokaa muda mrefu pamoja na nguo ndani ya sanduku. Nikanusa kiwiko. Pale lilikuwa tamu zaidi. Gunia halikuwepo.

"Ni baridi ya Mbeya," nikaanza. "Kwenye baridi manukato yanalala..."

"Na hapa Iringa ni Dubai?" akauliza wa pembeni.

Mama wa kitenge akaliokota sweta langu kwa vidole viwili, akalinusa, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Lilizunguka benchi zima kama barua ya msiba.

"Dada," wa tatu akamwita mwenye duka, "gunia lako hili hapa."

"Siyo gunia," akasema wa kitenge, "ni robota zima na waya wake."

Nilicheka nao, nikacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko nikakumbuka kwamba tangu mwezi wa nne niliwafelisha mastaa wanne, wote kwa kosa la sweta moja. Lakini mama mwenye duka hakuwa anacheka sana. Alikuwa anapanga boksi lilelile, analitoa, analirudisha palepale. Wala hakuniambia nirekodi. Alikuwa ameshasema la kusema kwenye simu, akaniachia.

Nikatoa simu, nikaanza: "Wapenzi wasikilizaji, manukato haya yanaweza kusimamisha malori yote Ipogolo, yanaweza kumfufua..."

"Futa," akasema mama. "Ukizidisha watajua nimekulipa. Sema ulichonusa."

Nikafuta. Mara ya pili nikasema yanafaa kunukia hadi Njombe. Akanitazama tu, nikafuta mwenyewe. Mara ya tatu nilisema kwamba kilichofeli ni sweta langu, kwamba nilihakiki mtumba nikadhani ni manukato, kwamba yana ua la mchungwa na mdalasini, yapakwe kwenye ngozi safi na yapewe muda wa nyimbo tatu. Nikasema na duka lilipo, nikaiweka mtandaoni palepale. Nyuma ya sauti yangu wanasikika wale wamama wakipiga vigelegele. Nadhani ndiyo mara pekee maishani nimekieleza kitu kwa ukubwa wake, na kiliniuma kidogo, kama kuvaa kiatu cha saizi yako baada ya kuzoea kikubwa.

Ile chai ya viungo nilipewa. Kabla sijaimaliza waliingia wasichana wawili wa chuo, simu mkononi, wakitafuta "yale ya nyimbo tatu." Mama akawaambia wanawe mikono na wakae. Kisha akaja mke wa fundi seremala na dada yake. Benchi likajaa. Ilibidi nisimame mlangoni na kikombe changu, naangalia watu wamekaa kimya na mikono magotini, wanasubiri, mama anapita mbele yao anawashusha mikono wanaotaka kunusa kabla ya wakati.

Wiki moja baada ya Idi alinipigia. Mzigo umeisha, akasema, na kaka yake ameajiri mtu mwingine kwenye misumari. Ameshaagiza mzigo wa pili, manukato mapya, kayachagua mwenyewe tena. Nikauliza ni ya staa gani, maana nilikuwa nimeshashika kalamu.

Akasema hataniambia mpaka niyanuse kwanza.