Shati la Nakijwa

Mikono ya mama ilinuka dawa ya mashuka. Alikuwa akifua kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya barabara kuu, pale Same mjini, na kila jioni aliporudi harufu hiyo ilimtangulia mlangoni ikatuchoma puani, hata makande yaliyochemka tangu mchana hayakuweza kuifunika. Dawa yenyewe, ile ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, aliruhusiwa kuchukua kidogo kazini, akaiweka kwenye chupa juu ya kabati. Aliitumia kwa mashuka na vitambaa vya meza tu. Mashati yetu ya shule hakuyatia hata tone. "Shuka mgeni analilalia usiku mmoja," alikuwa akisema, "shati linashinda na jasho la mtoto kutwa nzima."

Nilikuwa darasa la sita mwaka ambao mjomba alimleta binti yake, Nakijwa, aishi nasi. Alikuwa na miaka tisa. Kwao ni Mamba, juu milimani, na shule ya kule ilikuwa mbali, njia zikiteleza vibaya wakati wa mvua. Mjomba alikunywa chai, akamkabidhi mtoto kwa dada yake na kuacha agizo moja: "Ngozi yake inachagua. Mfulieni kwa sabuni ya mche, na msuuze mpaka maji yawe kama ya kunywa." Kwa mtu wa mlimani, ambaye mfereji unapita nyuma ya nyumba yake, hilo ni agizo jepesi. Sisi wa tambarare tulikuwa tukingoja bomba kwa siku kadhaa, na maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, unasugua sabuni hadi vidole vinauma na povu halitoki. Hata hivyo mama alilitimiza. Aliloweka shati la Nakijwa kwenye maji ya uvuguvugu, akapaka sabuni kwenye kola na kuifikicha taratibu kwa kiganja, akaisugulia ndimu penye doa, akasuuza mara tatu na kulianika juani. Maji ya mwisho tulipigia deki. Shati lilitoka safi, lakini halikuwa jeupe. Lilikuwa na rangi ya uji.

Mimi nilikuwa kiranja wa usafi. Kila Jumatatu nilipita mstarini na daftari, nikiangalia kucha, nywele na kola, na aliyekuwa mchafu nilimwandika. Nakijwa nilikuwa namruka. Wenzangu waliliona hilo. Ijumaa moja mwalimu mkuu alitutangazia kwamba Jumatatu tutapata wageni kutoka wilayani, na kila shati liwe jeupe. Tulipotawanyika, msichana wa darasa langu akasema kwa sauti ya kusikika, "Kiranja anaandika watoto wa watu, wa kwao anavaa uji." Walicheka. Nakijwa alikuwa karibu yangu, akatazama shati lake, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyenikosea.

Jumapili mchana mama alikuwa kazini. Nilipanda kwenye stuli nikaishusha chupa. Nilikuwa nimemwona akipima kwa kifuniko. Mimi nilimimina kikombe kizima, kwa kuwa nilitaka shati ling'ae mara moja. Liling'aa kweli, likawa jeupe kama yangeyange. Nikasuuza mara moja tu. Ndoo iliyobaki ilikuwa ya kupikia, na bomba halikutarajiwa kabla ya Jumanne. Nililinusa, nikajua dawa haijatoka yote, nikaliacha likauke kwenye kamba. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nilikuwa nimeiandikia insha wiki ileile nikasifiwa.

Asubuhi, mama akiwa ameshakwenda kazini, Nakijwa alilivaa, akageukageuka. "Dada, leo hutanionea aibu," akasema.

Tulisimama mstarini juani, wageni wakizungumza. Kwanza nilimwona akipandisha mabega. Kisha akaanza kujikuna shingoni, halafu akapenyeza mkono mgongoni. Nilikuwa nimesimama mbele, nikiwaangalia wote. Akanitazama. Alikuwa akiomba ruhusa atoke, hilo nililielewa vizuri, kama ninavyolielewa leo. Nilimkazia macho na kutikisa kichwa. Akashusha mkono, akaubana kwenye sketi, akasimama vile hadi mgeni wa mwisho alipomaliza kusema, machozi yakimtiririka kimyakimya. Usafi wetu ulisifiwa.

Mama alipoitwa kutoka kazini na kumvua lile shati mchana, shingo na mgongo vilikuwa vyekundu, vimetoka malengelenge. Harufu ya dawa hakuishtukia, alikuwa nayo mikononi kila siku, na weupe ulikuwa umeshafunikwa na vumbi la mstarini. Kwenye zahanati muuguzi aliuliza, "Mmebadilisha sabuni?" Mama akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki nyumbani Jumapili. Nikasema, "Hapana." Neno moja tu, nalo lilitosha. Usiku Nakijwa alilala kifudifudi huku mama akimpepea kwa kanga. Mimi nilikuwa nimelisuuza lile shati kwa siri, mara nne, kwa maji ya kunywa.

Vidonda vilichukua wiki tatu kupona. Mjomba aliposhuka, nilimsikia mama akimwambia, "Kaka, nisamehe. Ni maji ya huku. Maji ya Same yamemkataa mtoto." Mjomba hakulaumu. Alifunga nguo za Nakijwa kwenye mfuko, wakapanda gari la mlimani. Alirudi kwenye ile shule ya mbali, akamaliza la saba, na masomo yakaishia hapo. Sisemi kwamba ni shati lililomkatiza. Huenda hata Same asingefaulu. Ila sitajua kamwe, na mimi ndiye niliyesababisha nisijue.

Miaka ikaenda. Nikasoma, nikaolewa, nikarudi Same kufanya kazi. Kila Krismasi tulipopanda Mamba nilipanga kumwambia mama, na kila mara nikaona si wakati wake. Mwaka juzi mama alifariki. Kwenye msiba nilikaa jikoni na Nakijwa, ambaye sasa analima tangawizi na ni mama wa watoto watatu, tukimenya ndizi za waombolezaji. Akasema, "Shangazi alikuwa na moyo. Kila tulipoonana aliniomba radhi kwa yale maji ya Same. Hata mwaka jana."

Niliweka kisu chini. Nikamwambia yote: chupa, kikombe, ndoo, lile neno moja kwa muuguzi. Alimenya ndizi mbili, tatu, akaziweka kwenye beseni.

"Mimi ningekusamehe hata siku ileile," akasema. "Ungemwambia yeye."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hatukulizungumza tena. Lakini Januari iliyofuata alinipigia simu: binti yake, Namkunda, amepangiwa sekondari ya kutwa hapa Same, je, anaweza kukaa kwangu? Akaongeza, taratibu, "Ngozi yake ni kama yangu."

Sasa yuko kwangu. Bomba langu linatoka karibu kila siku, na nina tangi uani. Madukani kuna sabuni za maji zisizo na manukato ambazo mama hakuziota. Maji ya kusuuzia shati ambayo mwaka ule yalinishinda, leo nayamwagia maua bila kufikiri. Jumamosi ya kwanza Namkunda alinikuta uani nikisuuza shati lake kwa mara ya tano.

"Mama mkubwa, mbona limeshatakata?"

Nilimweleza sababu. Nilimweleza yote, kama nilivyomweleza mama yake. Alisikiliza akiwa amechuchumaa kando ya beseni.

"Kwa hiyo mama alirudishwa kwa sababu ya shati?"

"Hapana," nikasema. "Kwa sababu nilinyamaza."

Kisha, kwa adabu, kwa mikono miwili, akalichukua shati kutoka mikononi mwangu. "Basi, mama mkubwa," akasema, "acha niwe nafua mwenyewe." Nikamfungulia bomba, nikampisha.