Attracta, mchora njia anayesubiri geti lifunguliwe

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Attracta Durkan anawaomba radhi wageni wake wawili, anawasha redio iliyo juu ya kabati na kuinua kidole. Maana yake: kimya.

Wageni ni mume na mke kutoka Bremen, Ujerumani. Wana funguo za gari la kukodi mkononi na haraka usoni. Wamekuja kuambiwa wapite wapi ili waone milima na bahari, kisha warudi kabla ya chakula cha jioni. Hawakutarajia kusimamishwa wasikilize majina ya waliokufa.

Mtangazaji anasoma polepole. Jina, kijiji, kanisa, saa ya misa, mahali pa mazishi. Leo ni wanne. Attracta anaandika kwenye kipande cha karatasi, anapiga ishara ya msalaba kwa kila jina, kisha anazima redio.

"Saa tano kuna maziko huku," anawaambia, akiikata barabara moja kwenye ramani kwa penseli nyekundu. "Magari yatajaa mpaka saa saba. Nyinyi anzeni upande wa bahari, huku mje watu wakiwa wameshakwenda kunywa supu."

"Kila siku mnafanya hivi?" anauliza mke.

"Kila siku anakufa mtu, mama," anajibu Attracta. "Na hapa kwetu hakuna maziko madogo. Usipoonekana utaulizwa."

Attracta ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na mmoja amekaa kwenye meza hii, ndani ya ofisi ya kijiji cha Derryvoreen, magharibi mwa Ireland, akiwachorea wageni njia za kuendesha gari. Analipwa euro mia tatu kwa wiki kwa saa ishirini za kazi. Saa anazofanya hasa hataki kuzihesabu, maana mumewe akizisikia atakuja kumkokota nyumbani.

Simu za siku hizi zina ramani, na yeye hana ugomvi nazo. "Simu inajua barabara," anasema. "Lakini haijui kwamba leo wanakata nyasi za ng'ombe na trekta zimejaa njia nzima. Haijui kwamba mkeo anaogopa makorongo."

Ndiyo maana kabla ya kushika penseli huuliza maswali matatu, yale yale kwa kila mtu. Nani anaendesha? Nani atakaa pembeni? Nani anatapika?

Majibu ndiyo yanayoamua njia. Kama wa pembeni ni mwoga, Attracta huizungusha safari ili korongo liwe upande wa dereva. Kama kuna anayetapika, anakwepa barabara ya kwenye ardhi ya majimaji, inayopanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Wenye magari makubwa ya kulala ndani huwapeleka mbali na vichochoro vya mawe, kwa faida ya magari na ya ndoa zao.

"Watu hawaachani kwa sababu ya umalaya tu," anasema kwa uso mkavu. "Wengine wameachana pale kwenye daraja jembamba, mmoja akisema rudi nyuma, mwingine akisema wewe ndiye urudi nyuma."

Ana sheria moja isiyovunjwa: hakuna safari inayozidi kilomita themanini kwa siku. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja kutoka Ohio, Marekani, akiwa na orodha ya vituo kumi na vinne, vyote vya siku moja. Attracta aliisoma orodha mpaka mwisho, akamrudishia.

"Baba, wewe umekuja kupumzika au kukagua nchi?" alimuuliza.

Bwana yule aliondoka na vituo vitatu tu, na jioni akarudi na chupa ya mvinyo.

Kazi hii hakuisomea. Baba yake aliendesha lori la kukusanya makopo ya maziwa ya ng'ombe kutoka mashambani, na Attracta, mtoto wa nne na mwenye kelele kuliko wote, alipakiwa pembeni ili mama apate kupumua. Kabla ya kujua kuandika jina lake alijua kila kona, kila mbwa mkali, na kila nyumba ambayo chai yake haina sukari. Mpaka leo huwaelekeza wageni kwa nyumba ya fulani aliyekufa miaka thelathini iliyopita, kisha anajishika mdomo na kuanza upya.

Anawafundisha na adabu za njiani. Ukipishana na gari, unanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kimoja kinatosha. "Ukipunga mkono mzima watadhani nyumba yako inaungua," anawaonya.

Lakini leo, mgeni kutoka Bremen anapoelekeza kidole kwenye mstari mwembamba unaopanda mlimani na kuuliza mbona hawapiti pale, Attracta anaiweka penseli chini.

"Pale hapapitiki," anasema. "Pamefungwa."

Hicho ndicho kidonda chake.

Barabara ya mlimani ndiyo iliyokuwa njia bora kuliko zote alizowahi kuchora. Inapanda kutoka ziwani, inakata mgongo wa mlima, kisha inashuka hadi mlangoni mwa kijiji. Kipande cha katikati, chini ya kilomita mbili, ni mali ya ndugu wawili wa ukoo wa Gavaghan, wafugaji wa kondoo ambao hawakuoa. Mkubwa ni Festy, mwenye miaka sabini na minne sasa. Mdogo aliitwa Sonny.

Geti ni lao, na sheria iko upande wao. Lakini kwa miaka ishirini Sonny alikuwa akisikia tu mlio wa gari, anatoka na kofia yake, anawafungulia wageni, anawauliza wametoka wapi na kama huko kwao kuna mvua. Wengine walikaa getini nusu saa nzima. Walifika kijijini wakicheka, wana njaa, wanatafuta pa kulala.

Bila geti lile safari haizunguki. Anayetoka Derryvoreen asubuhi hulala mji mwingine, wala harudi. Kijiji kina vyumba kumi na kimoja vya wageni. Mwaka juzi mwezi kama huu, Mei, vyote vilijaa. Wiki hii vimejaa vitatu.

Na aliyesababisha geti lifungwe ni Attracta mwenyewe. Halifichi hilo, ingawa kulisema kunamchoma.

Ilikuwa Agosti mwaka jana. Alikuwa amelala siku mbili mjini Galway kwa dada yake, akarudi asubuhi na kuingia ofisini moja kwa moja. Redio ikasoma: Michael Gavaghan, Derryvoreen, maziko saa tano. Attracta akapiga ishara ya msalaba. Alimjua Michael Gavaghan, mzee wa miaka tisini na mitatu aliyekuwa akiugua siku nyingi upande wa pili wa mto. Maziko yake yangepita barabara kuu.

Kwa heshima ya marehemu, akaamua kuwaondoa wageni wote barabara kuu. Magari kumi na moja akayapandisha mlimani.

Michael aliyekufa hakuwa yule mzee. Alikuwa Sonny. Alianguka zizini na moyo ukasimama. Jina la Michael alibatizwa nalo, na baada ya ubatizo hakuna aliyelitumia tena mpaka siku ya kuzikwa. Majirani nao, kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia Attracta.

Gari la maiti lilikuwa linashuka kutoka nyumbani kwa akina Gavaghan, watu wakilifuata kwa miguu, lilipokutana na magari kumi na moja ya kukodi yanayopanda. Njia inatosha gari moja. Na huko gari la maiti likishatoka nyumbani halirudi nyuma hata hatua moja.

Basi wageni ndio waliorudi kinyumenyume, mmoja baada ya mwingine, zaidi ya kilomita moja, mawe kushoto na mtaro kulia. Mmoja alishindwa kabisa, mpaka mbeba jeneza mwenye suti nyeusi akaingia kwenye usukani wake. Ilichukua dakika hamsini. Padri alingoja kanisani. Na mtu mmoja, hajulikani nani, alitoa simu akapiga picha.

Kesho yake Festy alilifunga geti kwa cheni na kufuli.

Attracta alikwenda kumwomba radhi, akiwa na kadi ya misa, ya kuonyesha kwamba marehemu ameombewa misa, na mkate wa zabibu aliouoka mwenyewe. Festy alivipokea vyote viwili mlangoni, asimkaribishe ndani. Alisema neno moja tu.

"Miaka ishirini anakufungulia geti, na jina lake hukulijua."

"Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto," anasema Attracta. "Si kwa sababu ya geti. Kwa sababu ni kweli."

Tangu siku ile, wakipishana njiani Festy hunyanyua kidole kwenye usukani, maana adabu ni adabu. Salamu zao zimeishia hapo. Wenye nyumba za wageni wamemsukuma Attracta aende tena akabembeleze, apeleke hata barua ya kijiji. Amekataa. "Aliyefiwa ni yeye," anawaambia. "Sisi tumekosa wateja tu."

Wajerumani wameondoka na karatasi yao. Saa sita inakaribia. Attracta anaweka birika la chai, na mlango unafunguliwa.

Ni Festy Gavaghan. Kofia kichwani, viatu vya zizini, mbwa amebaki nje. Kwapani ana kopo la biskuti la bati. Anatazama ukuta, anatazama dirisha, mwisho anaviona viti.

"Naona una chai," anasema.

"Chai ipo. Kaa, Festy."

"Sikai." Anakaa. Kisha analisukuma kopo mezani. "Vitu vya Sonny. Vilikuwa chini ya kitanda."

Attracta anafunua kifuniko. Ndani mna karatasi zake. Ni michoro yake ya penseli, mwaka kwa mwaka, mingine ina madoa ya kahawa, mingine imechanika kwenye mikunjo. Wageni walipofika getini mwisho wa safari walikuwa hawana tena haja nayo, wakampa Sonny. Hakutupa hata mmoja.

"Mia mbili sitini na miwili," anasema Festy. "Nimeihesabu mara mbili. Mvua ilikuwa inanyesha, sina kazi." Anachomoa mmoja na kuweka kidole chenye kucha nyeusi juu yake. "Hapa umeandika: simameni dakika tano, msiseme neno. Kila karatasi umeandika hivyo. Ni wapi hapa?"

"Ile kona juu ya malisho yenu ya juu."

"Ipi? Ninapopitisha kondoo?"

"Hapo hapo."

"Pana nini pale?"

"Festy! Umeishi huko miaka sabini na minne, hujawahi kusimama ukatazama?"

"Nisimame nifanye nini? Kondoo nao watasimama?"

Penye miti hapana wajenzi, walisema waliosema. Attracta anacheka, kisha anaona Festy hacheki, naye anammiminia chai.

"Yeye alikuwa akisimama," anasema Festy. "Nilikuwa nikimtukana. Nikimwita mvivu." Anakunywa chai yote kwa mkupuo mmoja, moto vile vile. "Nichoree moja. Ya Jumapili, baada ya misa. Yote, kama unavyowachorea wale."

Attracta anavuta karatasi mpya. Angeweza kuichora akiwa amefumba macho, lakini kazi ni kazi, na maswali ni matatu.

"Nani anaendesha?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Nani atakaa pembeni?"

Festy anageuka kutazama dirishani.

"Mbwa," anasema.

"Na nani anatapika?"

"Mbwa huyo huyo."

Anachora. Penseli inatoka kanisani, inaizunguka pwani, inasimama palipo na kibanda cha supu ya samaki, inalifuata ziwa, inaanza kupanda mlima. Kwenye kona ile anaandika maneno yake ya siku zote. Kisha penseli inafika palipo na geti, inagoma.

"Tatizo, Festy, hii njia haipitiki," anasema bila kuinua macho. "Kuna geti lina kufuli. Na mwenyewe ni mtu haambiliki."

Nje mbwa anajikuna.

"Namjua," anasema Festy. "Chora tu. Nitazungumza naye."

Attracta anaupitisha mstari getini, anaushusha mpaka kijijini. Festy anaikunja karatasi mara nne, anaitia mfuko wa ndani wa koti, analichukua kopo lake na kutoka. Hakuaga. Huko si lazima.

Je, Jumatatu cheni itarudi? Attracta hajui, na hakumuuliza. Wiki ijayo kuna wageni kumi na wawili walioomba kuchorewa njia, naye hajamgusia hata mmoja wao habari za mlimani. Amewaambia wenye nyumba za wageni wafunge midomo yao na wasionekane kule siku ya Jumapili, hata kwa bahati mbaya.

"Akishaona akataka kufunga tena, afunge, ni lake," anasema, akifuta meza iliyo safi tayari. "Mimi naomba kusiwe na ukungu tu. Pale juu ukungu ukishuka huoni hata mkono wako. Namwomba Mungu Jumapili moja isiyo na ukungu, basi."