Dume Ndani ya Kichupa
"Dume zima ninalo ndani ya kichupa, limekosa pembe tu!" Dada wa maabara alijigamba hivyo buchani Zinga, mbele ya wanywa supu, na tangu siku hiyo hawajamwacha apumue. Kila asubuhi huingia na baibui lake na deli la barafu, akazibonyeza korodani za ng'ombe kwa kidole gumba kama anayechagua maembe, huku wanaume wazima wakiinamia mabakuli yao kwa haya. Maabarani huzichambua, akazikuza seli zake kwenye maji ya lishe, na kila akizichungulia huzinong'oneza, "Mmeamkaje, wanangu?" Zikitoa homoni ya kiume, utafiti wake unaendelea, zisipotoa, mradi unafungwa. Juzi umeme ulikatika na kabati la joto linalozitunza seli likapoa. Akakifunga kichupa kwa kanga, akakibana kwapani kutwa nzima, ametulia kama kuku anayeatamia. Seli zikafa vilevile. Jana akarudi buchani. "Dokta, dume letu halijambo?" akachokoza Twalha, muuza nyama. "Limekufa." Mzee mmoja akatua bakuli lake. "Pole na msiba, mwanangu." Hakuna aliyecheka. Dada akazibonyeza korodani nyingine, akachagua. Akalipia jozi moja shilingi elfu sita.