Mizunguko Kumi na Moja

Kwenye hii filamu yetu ya vichekesho mimi ndiye mshika taa, na bila mimi mngeangalia giza. Lakini hata mimi na mdomo wangu hunyamaza mzee fundi wetu akimtia ufunguo dubu wa bati, yule tuliyemlilia dukani sote tulipokuwa watoto. Amebaki huyu mmoja tu anayetembea. Springi ikikatika, filamu imekwisha. Mzee hufuta vidole kwenye suruali, huzungusha mara kumi na moja, midomo ikihesabu, kisha humweka dubu sikioni kama anapokea umbea. Kila siku hivyo hivyo.

Leo muongozaji kachoka. "Ongeza moja, mzee. Nataka afike ukingoni mwa meza aanguke."

"Hiyo moja zungusha wewe, mwanangu."

Akazungusha kweli. Springi ikalia. Nikafumba macho, mimi nisiyeogopa hata mama mkwe. Dubu akatembea, akafika ukingoni, akaanguka, watu wakacheka. Mzee alikuwa keshapiga magoti chini ya meza, viganja wazi. Akamdaka, akamweka sikioni. Kicheko kikakatika, tukasubiri.

"Bado mzima. Lakini ni kumi na moja," akasema, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwake.